Chuo cha Pajani

Mwezi wa Mfunguo Nne nilifunga chuo.
Niliwaambia wanafunzi: chukueni mikeka yenu,
nendeni barazani kwa Bi Mkasi, nyumba ya tatu.
Walitoka thalathini na mmoja, kila mmoja na kikohozi chake.
Wa mwisho, Faki mdogo, aliuliza: Tumekosa nini?
Sikumjibu. Ndani, nyuma ya pazia nililolichemsha,
mwanangu Haroub alikuwa na miezi minne
na damu isiyosoma.

Daktari alinichorea nyuma ya cheti:
hapa, chini ya mfupa wa kidari, kuna tezi.
Chembe nyeupe huingia humo mbumbumbu,
hutoka zimehitimu: huyu wetu, huyu adui.
"Kama chuo," nikasema.
"Kama chuo," akasema, akaufuta wino kwa kidole.
"Mwanao hana."

Miaka kumi na tisa nafundisha watoto wa watu, hapa hapa Limbani,
nikazaa mwana asiye na mwalimu ndani.
Waliosema ni jicho walisema.
Kombe nilimwandikia. Maji niliyachemsha kwanza.

Ng'ambo, ndege mbili na koti la kuazima,
mkalimani alinieleza polepole:
yuko mtoto mwingine, moyo wake una tundu.
Wakimpasua kuufikia moyo, tezi imekaa njiani;
kipande hukatwa, na siku zote hutupwa.
Mama yake alitia saini kisitupwe.
Basi. Jina sikupewa, wala la mji.

Wakakichanja vipande vyembamba kama muhogo wa kukaanga,
wakavilaza visahanini, wakavinywesha maji ya waridi
siku baada ya siku, kwa subira ya kuku aliyeatamia.
Kisha wakampasua Haroub paja,
wakavipanga ndani ya nyama, wakashona.
Kwa nini paja?
"Pana nafasi," wakasema, "na damu inafika."
Nilitaka jibu refu kuliko hilo.

Kwetu kilichotoka mwilini huzikwa:
kondo, govi, jino,
hata ukucha, kwa mwenye kuchunga.
Usiku ule sikulala. Cha mtoto wa yule mwanamke
kimezikwa kwa mwanangu.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
maneno haya nimeyasema mlangoni umri wangu wote
nikikusudia wali na mchuzi.

Hakikumea kesho yake. Hakikumea mwezi wa pili.
Kila wiki sindano, kila wiki hesabu, kila wiki sifuri.
Wauguzi walinionea huruma, lakini kungoja huku nakujua.
Mtoto wa chuo hasukumwi.
Alifu kwa ujiti, alifu kwa ujiti,
ute wa mdomo juu ya ubao, alifu,
mpaka siku moja unapita nyuma yake
unamkuta anasoma peke yake.
Mwezi wa saba: kumi na tatu.
Nililia kwa furaha juu ya namba
ambayo mama mwingine angeililia msiba.

Sasa tumerudi. Juzi Haroub alipata mafua.
Kamasi, mbili, mpaka mdomoni!
Baba yake alikwisha kushika ufunguo wa vespa.
Siku ya nne yakaondoka, yenyewe,
nami nikabaki na kitambaa kichafu mkononi
nisiweze kukifua.

Wanafunzi bado wako kwa Bi Mkasi. Sijawaita.
Ngoja, nimeambiwa, chanjo kwanza, kisha tutaona.
Ila pazia nimelipiga fundo,
na alasiri sauti zao zinaingia bila kuchemshwa,
ya Faki juu ya zote, na bado anakosea pale pale.
Haroub anasikiliza, anajikuna kovu.

Nawe mwenye moyo ulioshonwa, popote ulipo,
nikimaliza uradi nakutaja bila jina:
mwana wa mama aliyetia saini.
Wanafunzi wako hawajambo.